Uaminifu Haukatazi Maandishi: Maswali ya Anayetaka Kununua Nyumba Juba



Ndugu zangu katika imani, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo napenda tuzungumze jambo linalogusa kila familia inayolipa kodi ya nyumba katika mji huu wa Juba na kuota siku ya kuhamia kwake.

Ijumaa moja tulipotoka msikitini, kijana mmoja mwenye mke na watoto watatu alinishika mkono. "Maalim," akaniambia, "nimepata nyumba Gudele. Vyumba viwili, choo cha nje, ukuta umezunguka. Jumatatu natoa pesa, in shaa Allah." Nikamuuliza: "Karatasi umeziona?" Akacheka kidogo. "Maalim, anayeuza ni mtu wa safu ya kwanza, tunasali naye kila siku. Nikimwomba karatasi, si nitakuwa nimemwita mwizi?"

Neno hilo halikunitoka kichwani. Nimelisikia mara nyingi, na kila mara linasemwa na mtu mwema. Rai yangu ni kwamba sisi Waislamu tunapoteza nyumba kwa sababu mbili. Moja ni matapeli, na hao wapo. Ya pili ni haya. Tunaona aibu kumwomba ndugu yetu maandishi, kana kwamba maandishi ni tusi.

Hebu tujiulize. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inazungumzia nini? Inazungumzia kuandika deni. Inaelekeza awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na inatuonya tusichoke kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Na inawaita walioamini. Kama kuandika kungekuwa ni kumdhania mwenzako vibaya, wasingeamrishwa watu wa imani wao kwa wao.

Utasema aya hiyohiyo imesamehe biashara ya papo kwa papo. Ni kweli, ingawa hata hapo imetaka mashahidi. Lakini nyumba si kilo ya sukari pale Konyo Konyo. Pesa unatoa leo, jina linahamishwa baada ya wiki au miezi. Katika muda huo wote muuzaji anadaiwa na wewe unadai. Hilo ni deni, na deni huandikwa.

Kwa nini Juba hasa?

Baadhi yetu tumekulia Kenya, Uganda au Tanzania, na tunadhani mambo ya ardhi ni yaleyale kila mahali. Juba ina historia yake, na asiyeijua hununua ugomvi wa watu.

Mji huu ulikuwa mdogo wakati wa vita. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 watu walirudi kwa makundi kutoka Khartoum, Uganda, Kenya na vijijini. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, watu wakajenga walipopata nafasi. Mwaka 2009 serikali ya jimbo ilibomoa makazi mengi yaliyohesabiwa kuwa hayana kibali, na familia zilizokuwa zimelipa pesa kwa mtu fulani zikajikuta nje na magodoro yao. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Ardhi. Mwaka 2011, wiki chache baada ya uhuru, baraza la mawaziri liliamua kuwa makao makuu yahamie Ramciel, na sababu mojawapo ilikuwa ugumu wa kupata ardhi Juba, ambapo jamii ya Wabari ndio wenyeji wa asili. Ikiwa serikali yenyewe ilikwama, wewe na mimi ni nani? Kisha yakaja mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016. Watu walikimbia nyumba zao, na wengine wakaingia humo.

Ndiyo maana kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wadai wanne, na wote wakawa wanasema kweli kwa upande wao. Yuko aliyepewa miaka ya themanini akakimbilia ng'ambo, aliyebaki akakilinda, aliyegawiwa na ofisi baada ya 2005, na aliyeonyeshwa na chifu. Nyumba ni moja. Utakapolipa, je, umemlipa yupi?

Sasa niyajibu maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Swali la kwanza: Nikinunua, ninanunua nini hasa?

Katiba ya Mpito ya 2011 inasema ardhi yote ni mali ya watu wa Sudan Kusini, na matumizi yake yanasimamiwa na serikali. Sheria ya Ardhi ya 2009 imeigawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii, na ya watu binafsi. Kwa viwanja vya mjini vilivyopimwa, kwa kawaida mtu anakuwa na mkataba wa upangaji wa muda mrefu kutoka serikalini. Viwanja hivyo vimewekwa kwa madaraja, la kwanza, la pili na la tatu, na kila daraja lina ukubwa wake, masharti yake ya ujenzi na muda wake.

Kwa hiyo unachonunua ni matofali pamoja na haki iliyobaki katika mkataba ule. Uliza mkataba ulianza lini na unakwisha lini. Nyumba nzuri yenye mkataba uliokwisha ni kama tikiti ya basi la jana. Na ikiwa kiwanja ni cha ardhi ya jamii ambayo haijapimwa, jua kwamba barua ya chifu peke yake haikupi kile anachokuwa nacho mwenye mkataba uliosajiliwa. Inakupa mlango wa kuanzia tu.

Swali la pili: Mimi ni Mtanzania, Mkenya au Mganda. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, siwezi kununua kama mwananchi?

Hapana. Ni kweli Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010 imesema wazi kwamba mambo ya ardhi yataongozwa na sheria za kila nchi. Na nchi zetu zote zina ukuta huo. Kenya, kwa katiba ya 2010, asiye raia hapati zaidi ya upangaji wa miaka 99. Uganda nayo humpa mgeni upangaji usiozidi miaka 99. Tanzania mgeni hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Hapa Juba pia mgeni hamiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kupangishwa kwa muda, na kikomo cha sheria ni miaka 99.

Wengine huzunguka ukuta huo kwa kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki mwenyeji. Ndugu yangu, fahamu ulichofanya. Mbele ya sheria umempa nyumba. Akifariki, warithi wake watakuta jina la baba yao, nao hawakuwepo mlipoagana. Usiwatwike yatima mtihani ambao wewe mwenyewe umeukimbia.

Na aliyeoa mwenyeji akaandikisha kwa jina la mkewe, basi aseme kwa moyo mmoja kwamba nyumba ni ya mkewe. Siku ya ugomvi asije akadai ilikuwa "kwa ajili ya karatasi tu".

Swali la tatu: Nitajuaje kwamba muuzaji ndiye mwenye mali?

Nenda hatua kwa hatua, na usitoe hata shilingi kabla hujamaliza.

Kwanza, chukua nakala ya mkataba wa muuzaji na kitambulisho chake. Majina yalingane herufi kwa herufi.

Pili, nenda wewe mwenyewe, au na mwanasheria, katika ofisi ya ardhi ya Jimbo la Equatoria ya Kati na kwa msajili wa ardhi, uombe upekuzi wa kiwanja kwa namba yake. Namba ya kiwanja, namba ya kitalu na daraja viwe vilevile. Uliza kama kuna kesi, zuio au deni la ada. Usikubali kuletewa majibu na dalali akiwa na bahasha mkononi.

Tatu, nenda na mpima akuonyeshe mawe ya mipaka. Ramani inaweza kuwa ya kweli lakini ya kiwanja cha jirani.

Nne, keti na majirani wa pande zote na chifu wa mtaa. Uliza bila haraka, ukinywa nao chai: Nani alijenga hapa? Nani aliishi kabla ya 2013? Karatasi za ofisini zinaweza kughushiwa, lakini ni vigumu kuwaghushi mabibi watano waliochota maji pamoja miaka ishirini. Fiqhi yetu nayo imempa haki ya shufaa mshirika katika mali, kwamba atangulizwe kabla ya mtu wa nje, na wapo wanazuoni walioifikisha haki hiyo hadi kwa jirani.

Tano, ikiwa mwenye jina amekwisha fariki, simama. Mtoto mmoja hana mamlaka ya kuuza fungu la mama yake na dada zake. Taka uthibitisho wa mahakama wa warithi na saini zao wote, wakiwemo walioko ng'ambo.

Swali la nne: Muuzaji hayupo nchini. Amempa mtu hati ya uwakala. Inatosha?

Uwakala unakubalika katika sheria na katika dini. Lakini uwakala wa kawaida hufa anapokufa aliyeutoa. Watu wengi hapa hununua kwa hati ya uwakala, wakaiweka sandukuni, na hawahamishi jina kwa sababu wanakwepa ada. Miaka kumi baadaye mwenye jina anafariki Kampala au Cairo, na hati ile inabaki karatasi. Kwa hiyo mpigie simu mwenye mali mbele ya mashahidi, hakikisha hati imeshuhudiwa na mwenye mamlaka na inataja kuuza, maana kusimamia si kuuza, na uhamishe jina mara moja.

Swali la tano: Tumekubaliana nilipe kidogo kidogo. Kuna tatizo?

Hakuna, na ni afadhali kuliko mkopo wa riba. Lakini andikeni sarafu gani, tarehe gani, na itakuwaje mmoja akishindwa. Walioishi hapa wanakumbuka Desemba 2015. Kabla ya hapo dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa pauni 2.96, na siku serikali ilipoiachia ikaruka hadi pauni kama 18.5. Ilipofika 2024 ilikuwa imepita pauni 1,000. Fikiria waliokubaliana kwa pauni bila kuandika lolote zaidi. Muuzaji ameona amedhulumiwa, mnunuzi ameona amedaiwa mara mbili, na wote wawili wameacha kusalimiana. Hakuna aliyedanganya hapo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa wino.

Kila unapolipa, taka risiti yenye saini na mashahidi. Pesa nyingi ipite benki panapowezekana, maana benki haisahau.

Swali la sita: Jina la mke wangu liwemo?

Hapa naomba kina baba mnisikilize bila kununa. Katiba ya Mpito ya 2011 imeandika kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki mali na ya kupata fungu katika mali ya mumewe aliyefariki pamoja na warithi wengine. Sheria ya Ardhi ya 2009 nayo imemlinda. Na sisi tulikuwa na hukumu hiyo kabla ya katiba zote: mjane ana thumni mume akiacha watoto, na robo asipoacha. Mahari yake ni yake, na faida ya biashara yake ya chai ni yake.

Pamoja na hayo, tunaona mume anazikwa leo, na kabla ya arobaini shemeji wanakuja kuhesabu mabati. Mjane anaulizwa: "Jina lako liko wapi?" Naye alitoa nusu ya pesa kwa kuuza dhahabu yake.

Basi ikiwa mke amechangia, andika mchango wake na jina lake katika mkataba wa mauziano na katika usajili. Hilo halipunguzi urithi wa mtu yeyote, maana fungu lake halikuwa mali yako hata lirithiwe. Kilicho chako kitagawiwa kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu, na chake kitabaki chake. Na ukitaka kuusia, wasia hauzidi theluthi na hauendi kwa mrithi. Kwa hiyo usitegemee wasia kutengeneza ulichoweza kukitengeneza ukiwa hai.

Swali la saba: Nimepata nyumba kwa bei ya chini sana. Mwenyewe alikimbia vita na hajulikani aliko.

Hilo silijibu kwa sheria peke yake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni siku ya Kiyama uzito wa ardhi saba. Shibiri moja, ndugu zangu! Wewe unataka mita 400. Mtu aliyekimbia risasi hakuiacha nyumba yake, amenyang'anywa. Anayekuuzia hana cha kuuza, na wewe huna cha kununua. Ukisali ndani yake, unasali juu ya mkeka wa mtu anayelia.

Najua wapo watakaoniambia: "Maalim, wewe unaongea. Ofisi ni za foleni, kila meza inataka chake, karatasi zenyewe huwa mbili kwa kiwanja kimoja. Bora neno la watu." Sipingi kwamba njia ni ndefu na ina miiba. Mwanasheria anataka ujira, upimaji unataka ada, na kijana anayelipa kodi kila mwezi hana subira wala akiba. Lakini karatasi ikiwa dhaifu, dawa yake si kuitupa. Dawa ni kuifunga pamoja na watu: usajili pamoja na majirani, mwanasheria pamoja na chifu, wino pamoja na macho ya mashahidi. Kimoja kikianguka, kingine kinakushika. Na gharama ya kuhakiki, hata ikikuuma, ni ndogo kuliko kununua nyumba ileile mara mbili.

Nina pendekezo kwa viongozi wa misikiti yetu na kwa vijana wanaosoma sheria. Tunazo kamati za mazishi na za ndoa, kwa nini tusiwe na watu watatu au wanne wa kumsindikiza Mwislamu anayenunua nyumba? Hawatakuwa mahakama, wala wasichukue asilimia kama madalali. Watasoma naye mkataba, watakwenda naye kwa majirani, na watashuhudia malipo. Vijana mnaosoma Chuo Kikuu cha Juba, hiyo ni sadaka ya elimu yenu. Saa mbili za kumsomea mzee asiyejua Kiingereza karatasi anayotaka kutia dole gumba zinaweza kuokoa familia nzima.

Nimalizie na yule kijana. Nilimwambia: "Usimwombe karatasi kwa kumshuku. Mwambie twende sote ofisini, ili kesho watoto wako na watoto wangu wasigombane." Alikwenda kwa woga. Muuzaji wala hakukasirika, alishukuru. Walipofika, waligundua mkataba uko kwa jina la marehemu baba yake muuzaji, na warithi ni watano, mmoja wao dada aliyeko Uganda ambaye hakuwahi kuulizwa. Muuzaji hakuwa tapeli. Alikuwa kaka mkubwa aliyedhani ukubwa ni umiliki.

Mpaka leo kijana bado anapanga. Wanamsubiri dada alete ridhaa yake, au aseme hapana, na ni haki yake kusema hapana. Pesa ziko mfukoni mwa mwenyewe, wale wawili bado wanasimama safu moja, na dada mmoja aliyeko mbali amejua kwamba ana fungu katika nyumba ya baba yake. Kama Jumatatu ile pesa zingetoka, yote matatu yangepotea.

Basi, ndugu yangu, ukimwona mwenzako anakuomba maandishi, usinune. Huenda yeye ndiye anayekupenda zaidi.

Mwenyezi Mungu atupe makazi ya halali hapa duniani na makazi mema zaidi Akhera. Amin.